Sura ya Saba: Kilio cha Pikapu ya Mumbere

Mzee Erinayo, jirani, alikataa katakata kuisogelea pikapu. Alisimama upande wa pili wa ua, mgongo kauegemeza kwenye ukuta wa choo, kwa kuwa katika ua ule wa Kasubi ukuta wa choo ndio uliokuwa mbali kabisa na gari, na asubuhi ile mzee hakuwa na nafasi ya kuchagua harufu.

"Nyabo, mimi nasema kitu nirisikia," alimwambia Inspekta Hajara. "Ire gari irikuwa inaria."

"Inalia vipi, mzee?"

"Inaria kama mutoto amefungiwa ndani! Iii, iii, iii! Kutoka kure chini kwa duka ya mishumaa, inapanda kirima, inaria. Karibu na mashine ya kusaga, kimya. Kama mutu amekabwa shingo."

Konstebo Anena, aliyekuwa amelinda pikapu ile tangu juzi, alipiga ishara ya msalaba, kisha akahama kutoka kwenye bampa alikokuwa ameegemea. Alihama polepole, kama mtu aliyechoka tu kusimama mahali pamoja.

"Na dereva ulimwona?" Hajara aliuliza.

"Na mvua ire? Niriona taa tu, zikaingia hapa ndani. Baadaye mvua irivyopungua nikachungulia. Mumbere amekaa kwa usukani, kichwa chini, injini inanguruma, anasari kama siku zote. Nikasema, mwache mutu asari. Kumbe anayesari amekufa!" Mzee akashusha sauti. "Maiti irijireta nyumbani, nyabo. Iriendesha gari yenyewe, na gari ikawa inairiria."

Hajara hakucheka. Angecheka nyumbani. Babu yake alizaliwa Kampala, na mama yake alimlea kwa Kiswahili. Kwa sababu hiyo kila kesi yenye Mkongomani ndani yake ilitupwa mezani pake, kana kwamba Kiswahili ni ugonjwa na ukoo wao ndio uliouleta mjini.

Kesi hii ilikuja ikiwa imekwisha kuhukumiwa na watu. Mumbere, mfanyabiashara wa Butembo, alikuwa akipeleka chumvi na sabuni mpakani kwa pikapu yake nyeupe ya dizeli. Alhamisi jioni alikutwa amekaa nyuma ya usukani, kisogo kimepasuka, na spana ya magurudumu imelala nyuma kati ya magunia. Arsène, mdogo wa mkewe, ndiye aliyempelekea chai, ndiye aliyezima injini, na ndiye aliyepiga ukelele. Sasa alikuwa mahabusu, na Jumatatu angesomewa shitaka la kuua.

Lililomfunga Arsène lilikuwa neno la dada yake mwenyewe.

Perpétue, mjane, alikuwa amekaa kizingitini, kitenge kimemfunika hadi kidevuni. Hajara alichuchumaa mbele yake.

"Mama Perpétue, nirudishe tena kwenye ile jioni."

"Nilisema yote, mama afande. Nilirudi ku soko na mvua, beseni ku kichwa. Nikapita ku dirisha ya gari. Bwana yangu alikuwa anasali. Nikamusemesha."

"Akakujibu?"

"Mutu akisali hajibu na kinywa. Aliinua kidole." Perpétue akaonyesha: kidole kimoja kikanyanyuka kidogo juu ya goti lake, kikatua. "Vile anafanyaka siku zote. Alikuwa muzima."

"Kioo kilikuwa na mvua, na jua limekwisha zama."

"Niliona kidole."

"Ukisema alikuwa hai, aliyemuua ni aliyekuwa hapa uani baada yako. Na hapa uani alikuwepo Arsène peke yake. Unalielewa hilo?"

"Arsène hawezi kuua hata kuku. Siku ya Noeli mimi njo nachinja, yeye anakimbia." Machozi yalimtoka, lakini kauli yake haikuyumba. "Na bwana yangu alikuwa muzima. Nilimusemesha, akanisikia. Mutaniambia nini miye?"

Hajara alisimama, akaenda kwenye pikapu.

Desturi ya Mumbere ilijulikana mtaa mzima. Akishaegesha, hazimi injini. Kwenye nguzo ya kioo cha mbele alikuwa amefungiwa geji, mviringo kama saa ya mkononi, yenye mshale unaopima joto la moshi unapotoka kwenye injini, kabla haujafika kwenye tabo. Tabo ni ile feni ndogo inayozungushwa na moshi huohuo ili iisukumie injini hewa. Ukizima gari feni hiyo ingali moto wa tanuri, mafuta yanaungulia ndani yake na kugandamana kama ukoko wa ugali. Basi Mumbere alikaa akingoja mshale ushuke, na kwa kuwa hakupenda kukaa bure, alimwomba Mungu. Injini ikinguruma na Mumbere kainamia usukani, hakuna aliyemgusa. Arsène alimwekea kikombe cha chai juu ya boneti, palipo na joto, akaondoka kwa ncha za vidole. Alhamisi ile chai ilikaa hadi ikajaa maji ya mvua. Ndipo kijana alipofungua mlango, na shemeji yake akamwangukia begani.

"Mzee Erinayo," Hajara aliita, "gari lilipokuwa likilia kule chini, Arsène alikuwa wapi?"

"Kwangu, nyabo! Arikuja kuomba makaa ya kuchemushia chai. Tukasikia wote kirio. Akasema, 'Muzee, ni nini hiyo?' Nikamwambia, ni kitu cha kutosemwa usiku."

"Polisi uliwaambia hivyo?"

"Waritaka kujua nani ariua. Hawakuuriza nani ariomba makaa."

Anena alisogea karibu na bosi wake. "Afande, hii gari iko na pepo. Mi naomba nilinde kitu ingine. Hata choo nitalinda."

"Ingia," Hajara alimwambia. "Tunampeleka pepo kwa fundi."

*

Wasim, binamu yake Hajara, alikuwa na gereji Ntinda, nyuma ya maduka. Alikuwa fundi hodari wa magari na hodari zaidi wa kujisifu, na mtu aliyemjia kwa pancha tu aliweza kuondoka amesikia habari za injini tatu alizozifufua.

"Geji hii nimeifunga kwa mikono yangu," alisema, akipiga nguzo ya kioo kama mtu anayempiga ng'ombe wake bora. "Sindano ya kupimia nimeichomeka kwenye eksozi kabla ya tabo. Mafundi wengine wanaiweka baada ya tabo, moshi ushapoa, mshale unakudanganya unacheka huku vyuma vinayeyuka! Mimi, dada Hajara..."

"Wewe ni moto wa kuotea mbali, najua. Geji hii inalia?"

"Inalia sana! Nimeiwekea kidude cha kelele. Mshale ukipita digrii mia saba, kinalia mpaka joto lishuke. Mumbere aliposikia majaribio aliziba masikio. Akaniambia, 'Wasim, hiyo kelele sitaisikia tena maishani mwangu.' Dereva mpole yule! Kilimani anashuka gia mapema, mguu mwepesi. Mshale wake ulikuwa haufiki hata mia sita na hamsini."

"Na inakumbuka?"

"Haisahau." Wasim akabonyeza kitufe cha kuonyesha joto kubwa kuliko yote lililowahi kufikiwa. Mshale ulitetemeka, ukapanda peke yake na injini imezimwa, ukapita mia saba, ukapita mia nane, ukasimama hapo. Anena aliruka nje ya gari.

Wasim aliacha kutabasamu. "Astaghfirullah. Huyu si Mumbere. Huyu amepanda na mzigo kwa gia kubwa, akakanyaga mafuta kama anaua nyoka."

"Basi Mumbere alisema kweli," Hajara alisema taratibu. "Ile kelele hakuisikia."

Barabarani magari ya Ntinda yalikuwa yakipigiana honi, kila dereva akimwamini mwenzake kuwa ndiye mjinga.

"Ifanye ilie," Hajara akasema.

Wasim alijaribu mara mbili. Kimya. Akalala chali chini ya usukani, akatoka na uso wa mtu aliyetukanwa. "Waya umenyofolewa. Mimi siachi waya hivi. Huu umevutwa kwa nguvu."

"Arsène," Anena alisema kutoka mlangoni. "Alinyofoa halafu akapeleka chai."

"Kelele ilikatika karibu na mashine ya kusaga," Hajara alimjibu, "gari likiwa bado kilimani. Saa hiyo Arsène yuko kwa Erinayo anaomba makaa. Aliyenyofoa waya ni aliyekuwa ameshika usukani. Na aliyeshika usukani hakuwa Mumbere, na wala hakuwa Arsène."

"Sasa alikuwa nani?"

"Mtu anayejua kwamba Mumbere akikaa na injini inawaka, kichwa chini, hakuna atakayemgusa. Alimleta ameketi kiti cha abiria, akamhamishia kwenye usukani mvua ikimsitiri, akatoroka kupitia migombani. Akamwachia Mungu na majirani wamalizie." Akamgeukia Wasim. "Unganisha waya, palepale ulipokuwa."

Wasim aliunganisha, akabonyeza. Kilio kilipasuka ndani ya gari, chembamba, kikali, cha kukera meno. Hajara alinyoosha mkono kwenye geji, akapapasa nyuma yake, akafuata nguzo hadi juu. Hakuna kitu. Anena naye alijitosa, akapapasa redio, akafungua sanduku la dashibodi, akamwagia kila mtu karanga za marehemu.

"Mtatafuta mpaka kesho!" Wasim alipiga kelele kwa furaha. "Kila mtu anafuata geji. Kidude nimekificha huku!" Akaingiza vidole chini ya dashibodi, nyuma ya sahani ya majivu, jirani na goti la kushoto la dereva. "Wezi wasikione."

Hajara alipangusa karanga mapajani. Alikuwa akitazama goti la dereva.

"Mtu wa mwisho kumwona Mumbere akiwa hai ni nani?" aliuliza.

"Ni ule Guerschom," Anena alisema. "Mwenzake wa biashara. Alisema walipakia pamoja chumvi stoo, karibu na soko la Owino, halafu Mumbere akaondoka peke yake."

"Mpigie simu. Mwambie inspekta ameteguka kifundo cha mkono, na mjane anataka gari lake lirudi nyumbani."

"Kifundo gani, afande?"

"Chagua wewe."

*

Guerschom alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikono ikasimama kama ubao. Kanisani kwao aliongoza waimbaji, na hata salamu yake ilikuwa na mlio wa mtu anayetafuta sauti ya kwanza.

"Bwana asifiwe, mama. Pole ya mukono."

"Ahsante, ndugu yangu. Dereva wetu ameniacha. Nimeambiwa wewe unalijua gari hili."

"Kulijua, ndiyo. Lakini tangu Mumbere aweke hii saa yake ya moshi, sijashika usukani hata siku moja. Alikuwa na wivu nayo kupita bibi yake." Akacheka kidogo, akakumbuka msiba, akakata kicheko.

Nyuma bado kulikuwa na mzigo wa Alhamisi. Magunia ya chumvi yalikuwa kamili. Katoni za sabuni, zilizowekwa kituoni kama kielelezo, zilikuwa zimepungua, na polisi wa kituo kile walikuwa wakinukia vizuri kuliko wakati wowote. Anena alikaa juu ya chumvi, bunduki mapajani, midomo ikisema maombi. Hajara akaketi kiti cha abiria.

Walipita mjini polepole. Guerschom alizungumza sana: mazishi, kanisa, jinsi Arsène alivyokuwa mtoto wa hasira. Hajara aliitikia kwa kuguna. Walipofika mwanzo wa kilima cha Kasubi, kwenye duka la mishumaa, alitazama saa yake.

"Ndugu Guerschom, Alasiri inanipita. Kanyaga. Usipunguze gia, utatuchelewesha."

Guerschom alikanyaga. Injini ikaguna chini ya mzigo, moshi mweusi ukatanda nyuma, Anena akakohoa. Mshale ukaanza kupanda. Mia tano. Mia sita. Hajara hakumtazama mtu. Alitazama mshale tu. Ukagusa mia saba.

Pikapu ikalia.

Barabarani mwanamke aliyebeba ndizi alizitupa akakimbilia mlangoni kwa watu. Watoto walipiga mayowe. Kule juu mlango wa Erinayo ulifungwa kwa kishindo. Na ndani ya gari mkono wa kushoto wa Guerschom uliondoka kwenye usukani, ukashuka, ukapita chini ya dashibodi nyuma ya sahani ya majivu, ukavuta. Macho yake hayakuacha barabara hata mara moja.

Kimya. Walikuwa sambamba na mashine ya kusaga.

"Ahsante," Hajara alisema. "Mimi nimekitafuta mpaka kucha ikavunjika. Nani alikuonyesha?"

Shati jeupe lilianza kulowa kwapani. "Nilisikia tu sauti inatokea hapo."

"Sikio lako ni la ajabu. Ndiyo maana umepewa waimbaji."

"Mama, mutu yeyote angeweza..."

"Yeyote, kweli." Hajara hakubishana. Alishuka kidogo kitini, akauachia mwili ulegee, akaegemeza kichwa kwenye kioo cha mlango. Gari lilipokanyaga shimo, kichwa chake kiligonga kioo, kikabaki hivyohivyo. Alifumba macho. Mikono ikamlala mapajani, viganja juu.

Guerschom alitazama mbele. Akatazama kando. Akatazama mbele.

"Mama. Usikae hivyo."

Hajara hakujibu.

"Mama afande, tafadhali! Kaa muzuri!"

Shimo jingine, kichwa kikagonga kioo tena.

Breki zilishikwa ghafla hadi Anena akaangukia magunia. Guerschom alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Nilimwambia asifungue," alisema. "Magunia mia yote, anafungua lile moja! Nilimwambia, Mumbere, ile si ya kwako, pakia tu, twende. Akafungua."

"Kulikuwa na nini ndani ya chumvi?"

"Risasi."

"Za kwenda nyumbani kwenu."

"Zinakwendaka kila siku, mama. Nisipopeleka mimi, anapeleka mwengine."

"Naye akasemaje?"

"Hakusema kitu. Hiyo njo iliniogopesha. Kifungua mimba wake alikufa na risasi, kule Beni. Alichota na mukono, akaangalia, akageuka kwenda ku polisi." Akafuta uso kwa mkono wa shati, pasi yote ikavunjika. "Aligeuka tu. Spana ilikuwa karibu."

Hajara alifungua macho, akakaa sawasawa, akagonga kioo cha nyuma. "Anena! Shuka na pingu. Pepo wako amepatikana, na ana shati jeupe."

*

Hajara ndiye aliyeendesha gari hadi uani, kifundo chake kikiwa kimepona kwa haraka isiyo ya kawaida. Guerschom alifungwa pingu nyuma, juu ya chumvi, na Anena alimkalia karibu kama mtu aliyefurahi kupata kitu cha kulinda chenye mwili.

Perpétue alisimama mlangoni. Alisikiliza kila neno bila kukatiza. Jina la Guerschom lilipotajwa alitazama nyuma ya pikapu mara moja, kisha hakutazama tena.

"Basi Arsène atatoka," alisema.

"Leo hii, ukinisaidia." Hajara aliona afadhali kumwambia waziwazi. "Guerschom atapata wakili, na wakili atashika neno lako. Mke amesema mumewe alikuwa hai uani, aliinua kidole. Kama alikuwa hai uani, Guerschom hakumuua stoo. Neno lako likibaki hivyo, linamtoa yeye na kumrudisha Arsène."

Perpétue aliketi kizingitini. Mkono wake ulikuwa juu ya goti, na vidole vyote vilikuwa vimetulia.

"Nilimusemesha maneno mengi pale ku dirisha," alisema mwishowe. "Asubuhi tuligombana. Nilimuomba musamaha. Miye, ambaye siombaka. Nilijua amenisikia, nikaingia kupika na moyo mwepesi."

Hajara alichuchumaa mbele yake.

"Kama hapana kidole," Perpétue akasema, "hakunisikia."

"Hakukusikia, mama. Alikuwa amekwisha kufa stoo."

Injini ilikuwa bado inanguruma uani. Perpétue aliitazama, kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetua mzigo ambao hatauinua tena, "Muandike hivi: sikuona kidole. Ilikuwa mvua, na miye nilitaka kuona."

Aliingia ndani. Alirudi na jozi ya viatu vya kiume, vyeusi, vimeng'arishwa, kamba zimefungwa pamoja. Akapanda mbele, kwenye kiti cha abiria. Hajara alitaka kumwambia asikalie kile kiti alichobebewa Mumbere akiwa maiti. Lakini mjane alikuwa amekwisha kukaa, viatu mapajani.

"Walimuchukua Arsène bila viatu," Perpétue alisema, akifunga mlango. "Twende, mama afande. Sitaki mudogo wangu atembee miguu mitupu mbele ya watu waliosema ameua."